Kitabu cha mapishi cha kikundi: kukikusanya hapa Moshi bila kuchukua maandishi ya mtu

Vikundi vingi hapa Moshi, vya usharika, vya jumuiya, vya vikoba, vimewahi kupanga kutoa kitabu cha mapishi. Wengine wanataka kuchangia ujenzi au ada za watoto, wengine wanataka tu mtori na kiburu, vyakula vya ndizi vya bibi zao, visiondoke nao. Mipango mingi inakwama mahali pamoja: kundi la WhatsApp limejaa mapishi, mengi yametumwa kutoka makundi mengine, picha zina chapa za watu wasiojulikana, na siku ya kwenda kwa mchapaji hakuna anayeweza kusema hili limeandikwa na nani.

Mwongozo huu ni wa kuwavusha hapo. Msingi wake ni mmoja: chakula ni cha wote, maandishi ni ya aliyeyaandika. Mkiandika wenyewe, kutoka kwenye sufuria zenu, sehemu kubwa ya wasiwasi wa hakimiliki inaisha kabla haijaanza, na kitabu chenyewe kinakuwa kizuri zaidi.

Hatua ya kwanza: kubalianeni kitabu ni cha nani

Fanyeni kikao kabla hata pishi la kwanza halijaandikwa. Maswali ni machache lakini yanaleta ugomvi yakiachwa. Jina la kwenye jalada ni la kikundi au la mhariri? Fedha ya mauzo inaingia akaunti gani, na nani anaitoa? Mama akitoka kwenye kikundi, pishi lake linabaki? Kitabu kikitakiwa kuchapwa tena baada ya miaka mitano, nani anakubali kwa niaba ya wengine?

Ushauri wangu ni huu: kila mchangiaji abaki na haki ya maandishi yake, na akipe kikundi ruhusa ya kuyachapa na kuyauza ndani ya kitabu hiki. Mkusanyiko wenyewe, yaani uchaguzi wa mapishi, mpangilio na utangulizi, uwe wa kikundi. Hapo mama anayetaka kesho kulitumia pishi lake kwenye mgahawa wake pale Mbuyuni, au kwenye kitabu chake mwenyewe, hamuombi mtu ruhusa.

Kikundi kilichosajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii kina urahisi wake, kwa sababu kina katiba, akaunti na viongozi wa kusaini. Kama hamjasajiliwa, chagueni watu watatu wa kusimamia kitabu, muandike kwenye muhtasari wa kikao, na kila aliyehudhuria asaini.

Hatua ya pili: jueni sheria inalinda nini

Hapa ndipo watu wanapoogopa bure upande mmoja na kujiachia mno upande mwingine, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na imo tangu 1994 kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi. Maana yake kwetu ni kwamba mtu akishaandika kitu chake, haki anayo palepale. Hahitaji kukisajili, wala kuandika neno "hakimiliki" chini yake. Ukikuta maelezo mazuri ya pilau kwenye ukurasa wa mtu hayana onyo lolote, usidhani yametupwa barabarani. Ulinzi huo unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Lakini sheria hailindi kila kitu. Hailindi wazo, wala utaratibu, wala njia ya kufanya jambo. Inalinda namna mtu alivyolieleza. Kwa hiyo machalari si ya mtu. Kuchemsha ndizi na nyama pamoja si kwa mtu. Orodha kavu ya mahitaji, vitunguu viwili, nyanya tatu, chumvi kiasi, haina mwenyewe. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya Marekani iliyoko Chicago iliamua kesi ya wachapishaji wawili waliogombania mapishi yenye mtindi, ikasema orodha ya mahitaji na hatua za kupika zikiwa kavu hivyo hazina hakimiliki. Uamuzi wa Marekani hauifungi mahakama yetu, ila unaonyesha mstari unapopita.

Tazama mfano. Mtu akiandika:

"Chemsha maharage yaive. Weka ndizi zilizomenywa na chumvi. Zikiiva, ponda."

Hayo ni maelekezo matupu ya kiburu, kila mtu angeyaandika karibu hivyohivyo. Sasa mwingine aandike:

"Kiburu cha kwetu Uru hakipondwi kikawa uji. Mama alikuwa anageuza mwiko taratibu, akiona punje ya maharage bado inajulikana anaacha, anasema mwenye meno atafune."

Maneno hayo ni ya mtu. Ukiyachukua yalivyo bila ruhusa umechukua kazi yake, hata kama kiburu kinapikwa kila nyumba kuanzia Kibosho mpaka Rombo.

Yapo mambo manne yanayowakosesha watu wema kabisa, na nayasema wazi kwa sababu nayasikia kila mara.

Kwanza, kutafsiri. Pishi la keki lililoandikwa kwa Kiingereza na mtu wa London, ukiligeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi, bado ni lake. Haki ya kutafsiri ni ya mtunzi, na ruhusa inaombwa.

Pili, kauli inayozunguka kwamba ukibadilisha vitu vitatu pishi linakuwa lako. Hakuna kifungu cha namna hiyo. Kupunguza sukari hakuyafanyi maelezo ya mwenzako kuwa yako. Pika mwenyewe, funga ulichosoma, andika ulichofanya.

Tatu, "chanzo: mtandao". Hiyo si ruhusa, na hata si heshima, maana haimtaji mtu. Na hata ukimtaja kwa jina kamili, kutaja ni jambo moja na kuruhusiwa ni lingine. Unaweza kunukuu sentensi moja mbili na kumtaja mwenyewe pale unapoieleza hoja yako. Huwezi kuchukua ukurasa mzima ukajifunika na jina lake.

Nne, vitabu vya zamani. Uzee wa karatasi hautoshi, angalia mwandishi alifariki lini. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Old Moshi na kuandika sana kuhusu maisha ya Wachaga, alifariki 1966, kwa hiyo kwa sheria yetu ile miaka 50 imeshapita. Lakini Ujerumani wanahesabu miaka 70, na tafsiri ya kazi yake iliyofanywa na mtu mwingine ina haki yake mbali. Kitabu cha mapishi ulichorithi kwa mama, kilichochapwa miaka ya themanini, karibu hakika bado kina mwenyewe.

Hatua ya tatu: kusanyeni jikoni, msikusanye kwenye simu

Kama mtafuata hatua moja tu kwa ukamilifu, iwe hii. Ukimwambia bibi wa Marangu "nitumie pishi la mtori", atakutumia sauti ya dakika mbili: unaweka nyama, unaweka ndizi, ikiiva unaponda, basi. Hajakuficha kitu. Anavyovijua viko mikononi mwake, havijawahi kuwa maneno.

Nendeni wawili. Mmoja aandike, mwingine apime. Beba mizani ndogo ya jikoni, kikombe cha kupimia, na saa. Mkishasalimia na kuitikiwa marahaba, mwambieni apike kama siku zote, asijali vyombo vyenu. Kanuni ni kupima anachomimina, si anachosema. Atasema "chumvi kidogo". Kabla hajaanza, pimeni kopo lake la chumvi. Akimaliza, pimeni tena. Tofauti ndiyo "kidogo" ya bibi. Fanyeni vivyo hivyo kwa samli na kwa maji.

Ndizi zinahitaji uangalifu wa pekee. "Chana moja" haimsaidii msomaji, kwa sababu chana ya mshare, ndizi yetu ya kupika, ya mgombani na ya mshare uliochoka sokoni hazilingani. Pimeni ndizi zikishamenywa, muandike gramu, kisha kando muweke hesabu ya vidole. Andikeni pia ni ndizi gani. Mtori wa mshare na mtori wa ndizi nyingine yoyote ni vyakula viwili, na msomaji wa Dodoma au Mwanza hajui hilo msipomwambia. Sado, kopo, fungu, vyote viwekwe, lakini pembeni yake pawe na gramu au mililita.

Kisha ulizeni yale asiyoyasema. Ndizi unazitia maji baridi au yaliyochemka? Unajuaje imeiva? Kwa nini umetoa nyama kwanza? Bibi mmoja wa Kibosho aliponda mtori, akainua mwiko, akautazama unavyodondoka, akaongeza supu kijiko kimoja, akainua tena. Alipoulizwa anatazama nini, akasema, "Ukikatika vipandevipande bado, ukishuka kama utepe tosha." Sentensi hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa vipimo. Ichapeni kama alivyosema, na jina lake.

Muda wa kuchemsha muandike na mahali. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwenye kijiji cha mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage ya huko yanakaa jikoni muda mrefu kuliko ya mjini. Mtu wa Tanga akifuata saa zenu, ndizi zake zitavurugika.

Maneno yakiwa ya bibi na mkono wa kuandika ukiwa wenu, jina la kwanza chini ya pishi liwe la bibi, kisha "limeandikwa na" fulani. Mkimnukuu alivyosema, hayo ni maneno yake kabisa, ombeni ruhusa yake kama mnavyomuomba mwandishi yeyote. Nimeona watu wakiona haya kumuomba bibi yao saini. Wazee wengi hufurahi. Kwao ni dalili kwamba jambo limechukuliwa kwa uzito.

Kisha mtu mwingine, asiyekuwepo siku ile, apike kwa kufuata maandishi peke yake. Akipiga simu kuuliza, hapo pana pengo. Jazeni.

Hatua ya nne: karatasi ya ruhusa

Isiwe ndefu wala ya kutisha. Hii inatosha vikundi vingi:

"Mimi ............ natoa ruhusa kwa kikundi cha ............ kuchapa na kuuza pishi langu la ............ pamoja na picha nilizotoa, katika kitabu cha kikundi, kwa chapa hii na zinazofuata, kwa karatasi na kwa simu. Nabaki na haki ya maandishi yangu na naweza kuyatumia kwingine. Nathibitisha kwamba maelezo haya nimeyaandika au kuyasema mwenyewe, sikuyanakili. Jina langu liandikwe hivi: ............ Sitalipwa / Nitapewa nakala ...... za kitabu. Saini au dole gumba, tarehe, shahidi."

Isomeni kwa sauti kwa asiyesoma, mbele ya mtoto wake au jirani. Ile sentensi ya "sikuyanakili" ndiyo ngao yenu, na ndiyo inayomfanya mtu akumbuke kwamba lile la biriani alilitoa mahali. Likitokea hivyo msimuaibishe. Mwambieni arudi jikoni, apike, aandike upya kwa maneno yake.

Picha za watu na taarifa zao zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ombeni ruhusa ya uso na jina kando na ruhusa ya pishi, na picha ya mtoto iombewe kwa mzazi. Namba za simu za wachangiaji msizichape. Iwekwe moja ya kikundi.

Hatua ya tano: kuhariri

Mhariri awe mmoja, na awe na mamlaka ya kurekebisha mpangilio bila kubadilisha sauti ya mtu. Mahitaji yaandikwe kwa mfuatano wa kutumika. Kitenzi kimoja kwa hatua moja.

Yakija machalari mawili, la Machame na la Rombo, chapeni yote mawili yakiwa na mahali yalipotoka. Kikundi kinachojaribu kuamua lipi ndilo la kweli hakitamaliza kitabu.

Wekeni alama kwa msomaji wenu wote. Moshi ina Waislamu, Walokole, watu wasiogusa pombe na watu wenye mzio wa karanga. Penye nguruwe, damu kama kwenye kisusio, mbege (pombe ya ndizi), karanga au maziwa paandikwe juu kabisa, pasifichwe hatua ya saba. Maharage mekundu muandike yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayosumbua tumbo. Na msiandike kwamba chakula kinaponya ugonjwa. Mtori hupewa mama aliyejifungua, hiyo ni desturi yetu na inafaa kusimuliwa. Ahadi ya tiba iacheni.

Hatua ya sita: picha

Msitoe picha kwenye mtandao, hata moja, hata ya jalada. Mpiga picha ana haki yake kama mwandishi. Simu nzuri na mwanga wa barazani saa tatu asubuhi vinatosha; jua la mchana linaua rangi ya mchuzi. Picha itumwe kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp inaipunguza, na mchapaji anahitaji nukta 300 kwa inchi. Mkimlipa mpiga picha, andikianeni kwamba kikundi kinaweza kuzitumia kwa chapa zote na matangazo yake. Kulipa peke yake kunaacha maswali.

Kutaja jina la kampuni ya mafuta au ya unga ndani ya pishi hakuna shida. Kuweka nembo yake kwenye jalada bila makubaliano ndiko kunakoleta shida.

Hatua ya saba: namba, ukurasa wa hakimiliki, uchapaji

ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ombeni mapema, kabla jalada halijakamilika, ili namba iingie nyuma. Za Tanzania utaziona zikianza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912.

Ukurasa wa pili uandikwe jina la kikundi, mwaka, "Kila pishi ni la mchangiaji aliyetajwa, mkusanyiko ni wa kikundi", na anwani ya kuombea ruhusa. Usajili kwa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, si sharti la kuwa na haki, ila cheti chake kinasaidia kama ushahidi mkija kugombana na mtu. Kwa kitabu cha kuuzwa mimi ningesajili.

Kwa mchapaji nendeni na idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4 kama kitabu kinabanwa pini katikati. Isipogawanyika mtalipia kurasa tupu. Ndani karatasi ya gramu 80 inatosha kama picha ni chache. Jalada liwe gumu, gramu 250 au zaidi, na liwekewe plastiki, kwa sababu kitabu hiki kitashikwa na mikono yenye mafuta. Ombeni nakala moja ya majaribio, muisome wote kabla ya kuchapa zilizobaki. Tafuteni hasa vipimo: "500" ikipoteza sifuri moja, pishi limekufa.

Bei msikisie. Tuchukulie mchapaji amesema 900,000 kwa nakala 150. Ukigawa, kila nakala ni 6,000. Lakini kama 20 mmeahidi kuwapa wachangiaji, za kuuza ni 130, na kila moja inabeba karibu 7,000 kabla hamjapata hata shilingi ya ujenzi. Hesabu hiyo ifanyike kwenye kikao, siyo baada ya mzigo kufika.

Baada ya kuchapa

Wachangiaji wapewe nakala zao kwanza, kabla ya mauzo. Pelekeni nakala Maktaba ya Taifa, na moja maktaba ya mkoa hapa Moshi.

Mtakuta kurasa zenu zimepigwa picha na zinazunguka kwenye simu. Mtu aliyempelekea dada yake pishi moja muacheni. Anayechapa kurasa zenu na kuziuza, au anayeziweka kwenye ukurasa wake wa biashara kwa jina lake, mwandikieni barua ya heshima: onyesheni kitabu, tarehe na karatasi ya ruhusa ya mchangiaji, mtaje siku ya mwisho ya kuziondoa. Akikataa, COSOTA ndiyo mahali pa kuanzia.

Karatasi za ruhusa ziwekwe kwenye faili moja kwa katibu, na picha zake zihifadhiwe mahali pengine pamoja na faili la kitabu lenyewe, lile linaloweza kurekebishwa, siyo PDF peke yake. Fungueni daftari la masahihisho. Wasomaji wataanza kupiga simu wiki ya kwanza kusema chumvi imezidi, na chapa ya pili itaandaliwa kutoka kwenye daftari hilo.